Aliyeinyamazisha Swichi

Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi umeme ulikatika, na mashine iliyomsaidia kupumua mgonjwa wa kitanda cha tatu ikazimika. Jenereta ilipowaka, dakika sita baadaye, mama huyo alikuwa ameshakufa. Kufikia saa sita fundi umeme wa hospitali alikuwa benchini na pingu mikononi. Binti wa marehemu, muuguzi wa wodi hiyohiyo, alikuwa amemkwida shati mbele ya watu na kumwita muuaji.

Mpelelezi alimpeleka fundi kwenye chumba cha umeme, nyuma ya ukuta wa wodi.

"Nieleze kama unavyomweleza mama mkwe."

"Afande, kabati hili linapokea umeme wa njia mbili, wa nje na wa betri. Wa nje ukikatika, swichi inahamia betri kabla hujapepesa jicho. Mashine za wodini hazijui hata kilichotokea."

"Leo zimejua."

"Mtu kageuza huu ufunguo wa matengenezo. Ukishageuzwa, swichi haihami tena."

"Ufunguo hukaa wapi?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Hapohapo tunduni. Likitokea la kutokea, nani ataanza kupekua mifuko?"

Uzembe, lakini si uuaji. Kabati lilikuwa limejiwekea kumbukumbu zake: saa nne kasoro dakika ishirini, umeme wa nje unayumba, kengele inalia; saa nne kasoro dakika nane, ufunguo umegeuzwa. Saa hiyo fundi alikuwa juu ya paa na vibarua wawili, nao waliapa hakushuka.

Akabaki mlinzi wa mlangoni, ambaye wiki nzima alikuwa hapatani na fundi. Lakini kamera ya ukumbini ilimwonyesha kitini, hakubanduka.

"Nani aliingia chumba cha umeme?" mpelelezi alimuuliza mlinzi.

"Hakuna mtu, afande. Watu wa humuhumu tu."

Mpelelezi alirudi kabatini. Juu ya vitundu vya kengele palikuwa na kipande cha plasta, ncha yake moja imekunjwa ili ibanduke kwa urahisi. Fundi umeme hakunji plasta. Alivuka kwenda wodini, akamkuta yule binti akimfunga mgonjwa mwingine kidonda. Kila plasta aliyoikata aliikunja ncha.

"Sista, leo asubuhi uliingia chumba cha umeme?"

"Ndiyo," alijibu bila kusita. "Kile kikengele kilikuwa kinapiga kelele ukutani, na mama hajapata usingizi siku ya tatu. Nikabandika plasta, wapi! Nikageuza ufunguo, kikanyamaza. Akalala, afande. Kwani hilo linamhusu nini yule muuaji?"

Mpelelezi aliogopa. Akikaa kimya, fundi angeozea jela. Akisema, angemmaliza huyu aliye mbele yake. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona. Akamweleza taratibu kazi ya ule ufunguo.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Mkasi ulimdondoka, asiuokote.

"Kwa hiyo ni mimi."

Mpelelezi alimwita askari amfungue fundi pingu, kisha akasimama tu pale, mikono imemning'inia.

"Ningemwacha mama na zile kelele za kengele," binti alisema. "Angeninunia tu mpaka jioni, basi."