Mota ya Kupanda Mlima Shuka

Kila Jumatatu na Alhamisi, siku za kupeleka viazi mjini, Zita aliamka kabla ya jogoo wa jirani, na jogoo huyo hakuwa mvivu hata kidogo. Alinawa uso, akavaa sare ya shule na kuongeza sweta mbili, maana mwezi wa Julai huko Ufipa baridi haina utani. Kisha alikwenda nyuma ya baiskeli ya baba yake, akaegemeza mabega kwenye gunia la viazi na kusukuma.

Kati ya kwao Pito na soko la mjini Sumbawanga kulikuwa na mlima mmoja. Watu waliuita Shuka, kwa sababu hajapata kutokea mwendesha baiskeli mwenye mzigo aliyeupanda bila kushuka. Mzee Clemens, baba yake Zita, alisukuma baiskeli kwenye mlima huo kwa miaka kumi na minane, mpaka ngiri ikamlaza hospitali akapasuliwa. Daktari alimwambia waziwazi, "Kuendesha taratibu ni sawa. Kusukuma mzigo mlimani ni marufuku. Ukisukuma, utarudi hapa kwa machela."

Tangu siku hiyo msukumaji akawa Zita. Baiskeli ikifika kileleni, baba alipanda na kuteremka nayo mjini, naye Zita aligeuka mbio kurudi shuleni. Alifika kipindi cha kwanza kimekwisha. Kipindi hicho kilikuwa Hisabati, na mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebaki miezi miwili. Zita alipenda Hisabati kuliko somo lolote, na kila alipolikuta limefutwa ubaoni, roho ilimuuma.

Siku moja Edwin, kaka yake aliyefanya vibarua vya ujenzi mjini, alirudi na habari.

"Baba, kuna fundi mjini anafunga mota za umeme kwenye baiskeli za kawaida. Nimeona kwa macho yangu. Mshikaji alikaa tu, baiskeli ikaenda!"

Baba alipiga hesabu siku tatu. Siku ya nne aliuza mtamba wake mmoja, na Jumamosi wote watatu wakaenda mjini.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Emerensiana, mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Hawa wanangu wamenieleza kwamba una dawa ya milima."

Fundi alicheka, akaweka mota mbili juu ya benchi. Ya kwanza ilikuwa imejengwa ndani ya gurudumu zima, kubwa na yenye kung'aa, imeandikwa wati elfu moja. Ya pili ilikuwa ndogo kama sufuria ya chai, wati mia tano, na ilifungwa chini, pale pedeli zinapozungukia. Fundi alibonyeza kitufe, na lile gurudumu kubwa likaanza kuzunguka lenyewe hewani, bila mguu wa mtu, likivuma taratibu. Zita alisahau kufunga mdomo. Aliisogelea, akauhisi upepo wake usoni, akajiuliza ni nani aliyekaa chini akawaza jambo kama hilo.

"Hiyo hiyo!" alisema Edwin. "Elfu moja kwa mia tano, kuna haja ya kuuliza?"

"Haja ipo," alijibu fundi. "Mota ya gurudumu haina gia. Barabara ya tambarare inakimbia vizuri. Mlima mkali wenye mzigo mkubwa, gurudumu linazunguka polepole, mota inaelemewa, na umeme unageuka kuwa joto. Hii ndogo inavuta mnyororo, kwa hiyo inatumia gia za baiskeli. Umeona malori ya mahindi ya Mpui yakipanda mlima? Dereva anaingiza namba moja, injini inazunguka haraka, matairi yanakwenda polepole. Ni hivyo hivyo. Lakini mzigo ukiwa mdogo, hata ya gurudumu inatosha. Sasa nileteeni vipimo viwili: ukali wa mlima na uzito wa mzigo. Nani anapenda hesabu hapa?"

Zita alinyoosha mkono kama yuko darasani.

Kesho yake Edwin alimwazima pima maji yake ya ujenzi. Zita alichukua ubao wa mita moja akapanda nao Shuka. Aliuweka ncha moja chini, akalaza pima maji juu yake, akainua ncha nyingine mpaka povu dogo la ndani likatulia katikati ya kioo, kisha akapima nafasi iliyobaki chini ya ubao. Sentimita kumi. Mbele zaidi, kumi na mbili. Kwenye kona, karibu na mabaki ya tanuru la udongo ambalo mababu wa Kifipa waliyeyushia chuma, kumi na nne. Mlima uliomtoa jasho miezi yote ile ulikuwa umeingia kwenye daftari lake kwa namba tatu. Zita alikaa kwenye nyasi, akalitazama tanuru, akalitazama povu. Aliona dunia ni kubwa mno na ya ajabu, na kwamba hata hivyo mtoto anaweza kuipima kwa ubao.

Uzito wa gunia nao aliupima, kwenye mizani ya jirani. Hapo ndipo furaha ilipokatika. Mizani ilisoma kilo mia moja na thelathini.

Gunia la baba lilikuwa lumbesa. Lilijazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kilemba kikubwa cha viazi kilichoshonewa wavu juu yake. Wanunuzi ndivyo walivyotaka, ingawa lumbesa imekatazwa na kila mtu anajua imekatazwa. Duka la fundi lilitazamana na soko, mahali ambapo maofisa walipita kila siku. Akilini mwake Zita alimwona baba yake amekamatwa, akaona na aibu ya kusimama mbele ya dada fundi na namba ile. Akaandika: kilo sitini.

Waliporudi dukani, fundi aliisoma karatasi, akarudia kwa sauti. "Sitini? Una hakika, mdogo wangu?"

"Nina hakika."

Mzee Clemens alikuwa amesimama pale pale. Alikohoa kidogo, akatazama barabarani.

"Basi kwa sitini hata ya gurudumu itapanda," alisema fundi. Edwin akapiga makofi. "Lakini mimi sikabidhi kazi kabla ya kuijaribu. Alhamisi nitakuja mwenyewe, tuijaribu kwa mzigo wenu na mlima wenu."

Gurudumu la mota likafungwa siku hiyo hiyo. Alhamisi nusu ya Pito ilikuwa barabarani. Fundi alifika kwa pikipiki na sanduku lake la vifaa, akawakuta wameshaanza kupanda. Baiskeli ilikwenda. Ilikwenda kweli! Mzee Clemens alikuwa ameketi wima kama askofu, gunia nyuma yake, na wanawake waliobeba kuni walisimama kando wakishangilia. Zita alikimbia pembeni, macho yamejaa machozi ya furaha, akasahau karatasi yake.

Walipokaribia kona ya tanuru, mvumo ulibadilika. Mota iliguna, ikaguna tena, harufu ya plastiki iliyopata moto ikatoka, kisha kimya. Baiskeli ilisimama, ikaanza kurudi nyuma. Mzee Clemens aliruka chini, akashika usukani, akakaza tumbo asukume.

"Baba, usisukume!" Zita alipiga kelele. "Usisukume! Nimedanganya! Sio sitini, ni mia moja na thelathini!"

Edwin na watu wawili walilidaka gunia, wakaweka mawe nyuma ya matairi. Fundi aliligusa gurudumu kwa kidole, akakiondoa haraka.

"Imejizima yenyewe kabla ya kuungua," alisema. "Tuna bahati." Kisha akalitazama gunia, akakitazama na kile kilemba chake. "Lumbesa. Kwa nini hukuniambia, Zita?"

"Niliogopa baba atakamatwa," Zita alilia. "Na niliona aibu."

Mzee Clemens alivua kofia. "Usimlaumu mtoto peke yake, fundi. Niliisikia ile sitini ikisomwa. Nilijua si kweli, nikanyamaza. Mimi ndiye mkubwa."

Fundi hakuwafokea. Alifungua sanduku, na ndani yake ilikuwemo ile mota ndogo. "Mtu anayepeleka viazi sokoni kwa kilo sitini sijamwona bado," alisema, "ndiyo maana niliibeba." Wakashusha gunia, wakarudisha vyote mwanzo wa mlima. Alitoa gurudumu la mota, akarudisha la zamani, akaifunga ile ndogo kwenye pedeli, akakaza breki zote mbili. Kazi ilichukua muda mrefu, na Zita alimshikia spana zote bila kuambiwa.

"Mzigo ule ule, mlima ule ule," alisema fundi. "Baba, ingiza gia namba moja. Usiwe na haraka."

Safari hii hakuna aliyeshangilia. Mota ndogo ilivuma kwa sauti nyembamba isiyobadilika, mnyororo ukavuta, na baiskeli ikaanza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ikaipita kona. Ikalipita tanuru. Zita alitembea kando yake mikono mitupu, akiogopa hata kupumua kwa nguvu. Mzee Clemens alifika kileleni akiwa ameketi, miguu ikizunguka taratibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane hakuwa ameshuka. Alisimama, akageuka kuitazama barabara yote iliyokuwa chini yake.

"Imewezekana," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, imewezekana."

Akamwita Zita.

"Mwanangu, binadamu ukimdanganya anaweza kukuamini. Mimi nilikaa kimya, fundi akaamini, Edwin akapiga makofi. Mlima haukusoma karatasi yetu. Ulipima kilo zilizokuwepo. Ungeniumiza mimi, au ungekuumiza wewe uliyekuwa pembeni yangu. Mtu anayetaka kukusaidia mwambie ukweli wote, hata ule unaokutia aibu, ndipo atakapojua akusaidie vipi. Na kuanzia leo gunia langu litaishia mdomoni. Asiyetaka kununua kwa mizani, aache."

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Na wewe, dada, nisamehe."

"Vipimo vya mlima vilikuwa sahihi kabisa," alisema fundi. "Nilivikagua wakati nakuja. Anayejua kupima hivyo hana sababu ya kuandika uongo."

Jumatatu iliyofuata Zita aliamka jogoo akiwa ameshachoka kuwika. Alimsindikiza baba yake hadi mwanzo wa mlima, akasimama kumtazama akipanda, gunia limefungwa vizuri bila kilemba, mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akatembea kwenda shuleni. Darasa lilikuwa bado tupu. Alifuta ubao, akaandika tarehe, akaketi dawati la mbele kumsubiri mwalimu wa Hisabati.