Chumvi Katika Uji wa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zaitun alifagia uwanja, akachota maji kisimani, kisha akapika uji wa mchele wa nyumba nzima. Kazi hizo alizizoea, wala hakungoja kukumbushwa. Lakini siku hizi uji wake ulikuwa haunyweki. Mdogo wake Mwamini, mtoto wa darasa la pili mwenye maneno kuliko umri wake, alipiga funda moja akakunja uso.

"Dada, umesahau chumvi tena."

"Sikusahau."

"Basi tia."

"Tia mwenyewe!" Zaitun alijibu kwa ukali, akachukua mkoba wake na kuondoka bila kunywa chochote.

Haukuwa uji tu. Kunde zilikuwa hazina chumvi, mchicha hauna chumvi, na samaki ambao baba alileta kwa pikipiki kutoka Nyamisati walikuwa hawana ladha, wamekaa tu sahanini. Mama yao, Hadija, alikuwa akionja mboga na kuongeza chumvi kimyakimya. Shuleni nako mambo yalikuwa yamebadilika. Zaitun, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole darasa la sita, sasa alikaa akitazama ukuta. Gari la polisi likipita barabarani, alijificha nyuma ya choo mpaka mlio wake uishe. Chakula alikigusagusa tu, na viwiko vyake vilianza kuchongoka.

Mama aliyaona hayo, ila alidhani ni uchungu wa msiba wa bibi tu. "Umeshakuwa msichana mkubwa," alimwambia. "Bibi hatarudi kwa kununa kwako. Jikaze, mwanangu."

Zaitun akajikaza. Na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe, kwa sababu alijikaza vizuri mno, mpaka hakuna aliyejua alichokificha. Zaitun aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua bibi yake.

Bibi huyo, Bi Mwanamina, aliishi nao hapo Mtawanya na alikuwa na ugonjwa wa presha. Mganga wa zahanati alimkataza chumvi nyingi, na familia ikamkabidhi Zaitun kazi ya kumpikia uji wake mbali. Bibi alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu", nao walipendana sana. Ugomvi wao mmoja tu ulikuwa chumvi. Kila asubuhi bibi aliomba, na kila asubuhi Zaitun alikataa. Bibi hakukubali kushindwa. Kila aliyepita uwanjani alisimamishwa na kuelezwa jinsi mke mwenza anavyomnyima raha ya dunia.

Asubuhi moja bibi aliomba kwa upole kuliko siku zote. "Mke mwenzangu, leo tu. Nimeitamani kama mwenye mimba." Zaitun alicheka sana, akachukua chumvi kwa ncha za vidole na kuidondosha katika bakuli. Bibi aliunywa uji wote, akalamba na kijiko. Adhuhuri alianguka mlangoni. Walimkimbiza hospitali, na kabla ya Magharibi habari za kifo zikafika nyumbani.

Pengine Zaitun angemwambia mama yake kisa hicho siku zilezile, kama si mtani. Watu wa huku wanajua kazi ya mtani msibani. Wafiwa wanapolia mpaka sauti zikakauka, yeye huingia na vituko vyake, akamwigiza marehemu, akawatania wenye msiba, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Mtani wa familia hiyo alikuwa Bi Tabu, mwanamke mnene mwenye asili ya milima ya Umatumbi, na alipotania, hata msomaji wa dua alilazimika kuinamisha kichwa ili asionekane akicheka.

Siku ya mazishi Bi Tabu alijifunga kanga ya marehemu, akashika fimbo yake na kuanza kukohoa vilevile bibi alivyokohoa. Kisha akaielekeza fimbo kwa Zaitun. "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyeniua kwa chumvi ya uji! Kamata, peleka polisi!"

Watu walivunjika mbavu. Hakuna aliyemwona Zaitun alipotia chumvi ile, sasa Bi Tabu alijuaje? Akaamini kwamba kila mtu anajua, na kwamba wanamngoja tu. Tangu hapo hakutia chumvi tena katika chakula cha mtu yeyote.

Siku ya hitma ya arobaini ikafika. Uwanja ulijaa, wanaume wakisoma barazani na wanawake wakipika nyuma ya nyumba. Mama Zaitun, jasho likimtiririka, alimpa binti yake kopo. "Tia chumvi katika sufuria lile la wali. Leo usisahau. Mkono wako naujua."

Zaitun alilishika kopo bila kutia chochote. Papo hapo Bi Tabu akatokea na mzigo wake wa kuni.

"Haa! Jamani, mnampa huyu chumvi? Mnataka kumaliza kijiji kizima?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kopo likaanguka, chumvi ikamwagika mchangani, na Zaitun akatimka mbio kuelekea kwenye mikorosho. Kicheko kikakatika. Bi Tabu alibaki na kuni zake mikononi, mdomo wazi.

Mama aliacha mwiko sufuriani akamfuata. Alimkuta Zaitun amejikunja chini ya mkorosho, analia kwa kwikwi. Mama alikuwa tayari kusema neno alilolizoea, la kujikaza, lakini alipotazama mgongo mwembamba wa mtoto wake, akaliacha. Akakaa chini mavumbini, na kanga yake safi ya hitma.

"Sitakugombeza," alisema. "Hata kama ni jambo baya, niambie. Nitakusikiliza mpaka umalize."

Mama akangoja. Mwishowe mtoto akasema, maneno yakitoka vipande vipande. "Mama, mimi ndiye niliyemuua bibi. Aliomba chumvi, nikamtilia. Bi Tabu anajua. Watu wote wanajua."

Mama alishtuka. Akamvuta Zaitun kifuani, akamwacha alie mpaka pumzi zake zikatulia. Kisha akamwinua uso.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Sitakudanganya. Chumvi nyingi kila siku si nzuri kwa mwenye presha, na ulifanya vyema kumkatalia bibi yako siku zote hizo. Lakini chumvi ya ncha za vidole, asubuhi moja, haimuui mtu. Daktari alituambia mshipa wa kichwani ulipasuka, kwa sababu presha ilikuwa juu kwa muda mrefu. Bibi yako aliacha vidonge vyake tangu mwezi wa Ramadhani. Alisema amepona."

"Aliacha?"

"Aliacha. Mimi nilivikuta chini ya mto alipokwisha kuzikwa. Najilaumu, Zaitun. Kila siku najiuliza kwa nini sikumwangalia akivimeza. Nikizidiwa naingia bafuni, namwaga maji kwa kelele ili msinisikie nikilia. Nilidhani mkiniona nimekaza moyo, nanyi mtapata nguvu."

Zaitun alimtazama mama yake. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima naye anaweza kubeba mzigo kama wake. Akampangusa machozi kwa pembe ya ushungi.

"Si kosa lako, mama. Bibi alikuwa mbishi."

Mama akacheka huku analia. "Wallahi, alikuwa mbishi!"

Bi Tabu alikuwa amewafuata polepole, na sasa alisimama hatua chache kutoka kwao, bila kituko hata kimoja. Mama alipomweleza, alijiinamia, akaketi mbele ya Zaitun.

"Mjukuu wangu, nisamehe. Mimi sikujua habari ya asubuhi ile. Unajua kwa nini nilisema vile? Marehemu alinisimamisha pale uwanjani kila nilipopita, akanilalamikia uji wako hauna chumvi! Kila mtu alilalamikiwa. Ndiyo maana watu walicheka. Walijua wewe ndiye mtoto pekee aliyeweza kumkatalia Bi Mwanamina."

"Kwa hiyo... hawakunidhania vibaya?"

"Walikusifu! Ila nimekosea, tena sana. Utani ni wa watu wazima wanaojua unakoanzia na unakoishia. Wewe mtoto, na siku ile ulikuwa umeumia. Nilipaswa kukuita pembeni nikueleze. Nakuomba radhi."

Zaitun hakuwahi kuombwa radhi na mtu wa makamo yale. Aliitikia kwa sauti ndogo, akajipangusa uso na kurudi nao nyumbani.

Wali wa hitma uliliwa, wageni wakaaga. Jua lilikuwa bado halijazama mama alipotandika mkeka uwanjani, akawaita mumewe na watoto wote wawili. Baba Zaitun alikuwa ameshasimuliwa. Alimweka Zaitun karibu naye, akamshika bega, naye si mtu wa kushikashika watu.

"Nataka kusema neno," mama alianza. "Mimi nimekuwa nikiwaambia mjikaze. Nilikosea. Kulia si udhaifu, na kukaza moyo si kufunga mdomo. Jambo likikaa moyoni peke yake hukua, na mtoto huliona kwa sura ambayo halina. Zaitun amebeba kosa lisilo lake kwa sababu hatukumpa nafasi ya kusema. Kuanzia leo tutakaa hapa kila jioni. Mwenye huzuni aseme, mwenye hofu aseme, na asiye na neno asikilize wenzake. Hakuna kuchekwa, hakuna kukaripiwa. Na likitushinda, tutakwenda kwa mwalimu au zahanati. Huko nako wapo wa kutusikiliza."

"Hata mimi baba yenu," baba aliongeza. "Namkumbuka sana mama yangu. Nikiwa njiani na samaki, mara nyingine nasimama pembeni nalia, halafu naendelea."

Zaitun alihisi amani ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu. Akamgeukia Mwamini, ambaye siku zote za msiba alicheza na kuimba, mpaka watu wakasema huyu mdogo hajui lolote.

"Na wewe je, una neno?"

Mwamini, wa maneno mengi, aliinama akavuta uzi wa mkeka.

"Mama akilala mchana," alisema, "mimi huwa naenda kuweka mkono puani kwake. Naangalia kama bado anapumua."

Mama alimpakata Mwamini, akauchukua mkono wake mdogo na kuuweka kifuani pake.

"Nipo, mwanangu. Nipo na ninapumua. Na ukiogopa tena, usiangalie peke yako. Niamshe, uniulize."