Koti Limebaki kwa Fundi

Fundi cherehani alikuja kituo cha treni kuchukua mzigo wa vitambaa, si kutafuta ugomvi. Alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Katikati ya ukumbi, kati ya masanduku na makelele ya wapagazi, vijana wanane wenye makoti meusi walikuwa wakiimba wimbo wa dini. Akasikia sauti nzito ya chini anayoijua, akageuka.

Ilikuwa sauti ya mchumba wake. Hata koti alilishona yeye, bega la kushoto akalishusha kidogo kwa sababu la mwenyewe limeshuka.

Mchumba huyu alikuwa mmisionari wa Kimormoni. Miaka miwili ya kuhubiri mbali na nyumbani, wawili wawili, bila mambo ya uchumba, na fundi alikubali akasubiri. Miaka hiyo ilikuwa imekwisha. Barua pepe ya mwisho ilisema tu kwamba safari ya kurudi imechelewa kidogo. Shangazi wa fundi alishautangazia ukoo mzima kuwa harusi ni mwezi ujao, na bwana harusi ndiye huyu hapa, kafumba macho, anaimba.

Akampigia simu mama wa mchumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Si yuko na lile kundi la kuimba? Rais wa misheni, mkubwa wao, alimwomba aongeze miezi sita wazunguke miji. Wewe alisema atakuandikia mwenyewe."

"Hajaandika."

"Basi mimi sijasema kitu, mwanangu."

Wimbo ulipokwisha, fundi alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mwimbaji wake.

"Vua koti."

"Mpenzi, naomba nikueleze..."

"Usiniite mpenzi, mwenzako anasikia. Vua."

Mwenzake wa kazi, kijana mrefu mwenye tai iliyopinda, hakusogea. "Samahani dada, kanuni zetu haziniruhusu kumwacha peke yake."

"Nani kakwambia umwache? Kaa hapo usikie. Huko misheni vijana wote mnaitana Mzee, Mzee. Mzee gani anaogopa kumwandikia msichana mistari miwili?"

Mwimbaji alivua. Fundi akalikunja koti kwapani, akaondoka. Mlangoni aligeuka, akaona wale wengine wanatazamana, kisha mmoja akavua lake, na mwingine, mpaka wote wanane wakabaki na mashati meupe ili mwenzao asionekane peke yake. Wakaanza wimbo mwingine. Moyo wa fundi ulitaka kulainika, na hilo likamzidishia hasira.

Dukani kwake ndipo alipoona kile kibao cheusi cha jina bado kimebanwa mfukoni mwa koti. Mmisionari hatoki bila hicho. Basi watakuja, akajua.

Walikuja asubuhi, hata chai hajanywa. Yule mrefu alikaa kwenye kona, akawapa mgongo, akaanza kulichunguza kopo la vifungo.

"Nimefuata kibao," alisema mwimbaji.

"Najua ulichofuata. Si mimi."

"Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nilijua ukisema hapana nitakataa kundi. Na nilitaka kuimba. Sijawahi kutaka kitu namna ile."

"Kwa hiyo ukaniamulia."

"Nikakuamulia."

"Mimi ningekubali, mjinga wewe. Ningenuna wiki nzima, halafu ningekubali. Umeninyima hata kununa kwangu. Na ulijua mtapita mji huu?"

"Nilijua."

Mkasi ukagonga meza. Kule kwenye kona vifungo vikaanguka.

"Leo nitamwambia rais naacha," alisema mwimbaji. "Nirudi, tuoane mwezi ujao kama ilivyopangwa."

Hicho ndicho fundi alichokitaka tangu jana, na sasa kimewekwa mbele yake. Alikitazama, kikamwudhi.

"Ili kila ukikaa kimya mezani nijiulize kama ni mimi niliyekunyamazisha? Hapana. Nenda kaimbe. Ila shangazi utampigia wewe, sasa hivi, umweleze ukoo utaambiwa nini."

"Kanuni zinaturuhusu kupigia simu familia tu," ilisema kona.

"Shangazi wa mke si familia?"

"Bado hujawa mke, dada."

Fundi alimgeukia mwimbaji. Machozi yalikuwa yamemjaa, na alikasirika kwamba yanaonekana. "Umemsikia mwenzako. Huna la kuniuliza?"

"Nikimaliza," alisema polepole, "baada ya haya yote, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Nitakusubiri. Lakini nitakusubiri nimenuna."

Akakitoa kibao kwenye koti, akambandikia kwenye shati. Koti akalitundika kwenye msumari wa ukutani.

"Na koti?"

"Utalivaa siku ya harusi. Mpaka hapo imbeni na mashati."

Yule mrefu alikohoa. "Mimi nadhani shangazi sasa ni familia."

Fundi alibonyeza namba ya shangazi, akampa mwimbaji simu, akaanza kupiga cherehani kwa nguvu ambayo kitambaa hakikuihitaji. Akasikia upande wa pili inapokelewa. Aliacha pedali kidogo ili asikie vizuri.

"Shikamoo, shangazi," alisema mwimbaji, na ile sauti nzito iliyosikika kituo kizima ikatoka nyembamba kama uzi.