Umefika Wapi, Mwanangu?

Siku ile ilianza kama Jumanne nyingine yoyote pale Kiboriloni. Wauza mitumba walikuwa wakinadi, cherehani ya jirani yake Mwantum ikilia chumba cha pili, na Hellen alikuwa studioni kwake akisafisha rekodi ya sauti ya mdogo wake, Priska.

Wimbo wenyewe haukuwa wao. Ulikuwa wa wanawake wa Rombo, waliouimba kwa Kichagga wakikata majani ya ng'ombe. Baadaye kwaya moja ikaurekodi. Kisha bendi moja ya Moshi mjini ikautia magitaa, ukachezwa harusi baada ya harusi. Sasa Priska alitaka kuurudia kwa midundo ya kisasa, na redio ilishamwahidi kuupiga Ijumaa.

Kiitikio chake ni swali moja tu: "Umefika wapi, mwanangu?"

Baada ya swali hilo, palipotakiwa kuwa kimya, Hellen alisikia mtoto.

Akasonya, akatoka nje. "Dada Mwantum, nakuomba, watoto wasichezee dirishani kwangu. Narekodi."

"Watoto gani? Wangu wako shule."

Wakarekodi upya. Mtoto yumo. Wakaziba dirisha kwa godoro, Priska akaimba mpaka koo likamkauka. Mtoto yumo. Hellen alipojaribu kuikata sauti ile kwenye kompyuta, ya Priska nayo ilitoweka, kana kwamba zote zimetoka koo moja.

"Dada, unanichosha," Priska alisema. "Unatafuta kasoro tu."

"Nenda nyumbani. Ukibaki nitakutukana bure."

Alipobaki peke yake, hasira zimempanda, akafungua rekodi ya bendi ili alinganishe. Magitaa. Swali. Na nyuma ya magitaa, mtoto yule yule. Bendi ile ilirekodi kabla Hellen hajazaliwa.

Akafungua ya kwaya. Mtoto yumo, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka kilima cha pili. Akaongeza sauti mpaka maneno ya Kichagga yakasikika.

"Niko ng'ambo ya korongo."

Akairudia ya bendi.

"Niko barabarani."

Akabonyeza ya Priska.

"Niko mlangoni."

Cherehani ya Mwantum ilikuwa imenyamaza.

Kesho yake asubuhi Hellen alipanda gari la kwenda Mkuu, Rombo, kwa shangazi yake Ndelilio, aliyeuimba wimbo ule ujanani. Alimkuta kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake, akimenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

Hellen akamsikilizisha rekodi kwenye simu. Kisu kikamponyoka bibi yule.

"Zima."

"Kwanza niambie huyu ni nani."

"Nimesema zima!"

Kisha akamsimulia kwa sauti ya chini. Zamani mama mmoja alikwenda kukata majani na binti yake. Ukungu ukashuka, mtoto akapotelea korongoni, hakuonekana tena. Mama ndiye aliyeutunga wimbo, na wenzake wakaurithi.

"Lakini ukishamwita, lazima umlaze," shangazi alinong'ona. "'Rudi ulale, mwanangu, ukungu umeshuka.' Ndio mstari wa mwisho. Kwaya waliuondoa, wakasema Mkristo haongei na wafu. Bendi ikaiga kwaya, na ninyi mmeiga bendi. Wote mnamwita. Hakuna anayemrudisha."

"Na mmekaa kimya miaka yote hii?"

"Tulisema mpaka tukachoka."

Hellen akampigia Priska. Simu iliita sana ndipo ikapokelewa.

"Usijali, dada. Nina ufunguo wa akiba. Niko studio, naurudia mwenyewe."

"Usiimbe! Priska, toka humo!"

"Sikusikii, mtandao unakata."

Ikakatika. Akapiga tena na tena. Haikupokelewa. Njia nzima ya kuteremka Hellen aliulaani mtandao, akamlaani dereva aliyesimama kila penye mkungu wa ndizi, akaulaani na ukungu ulioifunika barabara mchana kweupe.

Alimkuta Mwantum amesimama mlangoni pa studio, futi ya kupimia shingoni.

"Nimegonga hafungui. Priska yuko na nani humo?"

"Yuko peke yake."

"Hapana," Mwantum alinong'ona. "Wanaitikiana."

Hellen akafungua. Priska alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni. Macho wazi. Hapepesi. Midomo ikicheza. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nimefika."

Hellen hakuwahi kuwa mwimbaji. Akaimba hivyo hivyo, sauti ikitetemeka. Rudi ulale, mwanangu. Akaimba tena. Kitu cha baridi kikampita usawa wa nyonga, kikielekea mlangoni, na chumba kizima kikanuka majani mabichi.

Priska akapepesa macho.

"Dada," akasema, "mbona unalia?"

Hellen alifuta kila kitu siku ile ile. Redio wakakasirika. Priska hakumbuki lolote, wala haamini neno la yeyote. Anachojua ni kwamba dada yake kamuulia wimbo kwa wivu, na mpaka leo akikutana naye njiani humpita kama mti. Hellen amechoka kujieleza.

Jambo moja hajamwambia Priska. Ukutani, karibu na maikrofoni, kuna sponji ya kumeza mwangwi. Juma lililofuata aliiona imebonyea usawa wa nyonga yake. Alama ndogo, mviringo, kama mdomo uliofunguliwa. Akaigusa. Ilikuwa mbichi.

Akaing'oa, akabandika nyingine. Ameshabadilisha mara kadhaa sasa. Kila mara alama hurudi, na kila mara huwa juu kidogo kuliko mwanzo. Ya wiki hii imemfika begani.