Miaka Sita Isiyoandikwa

"Vincenza, Fundi Canio kavunjika nyonga. Hivi na duka lake nalo limevunjika?"

Jirani yangu Ripalta aliniuliza hivyo asubuhi moja ya Agosti. Yeye alikuwa dirishani kwake, mimi nikianika shuka dirishani kwangu. Nilicheka. Halafu nikainama kutazama chini. Mlango wa kinyozi ulikuwa umefungwa, na wanaume watatu walisimama mbele yake wakijipapasa videvu.

Nakaa juu ya duka hilo tangu nilipoolewa. Tangu mume wangu afariki, Mungu amrehemu, dirisha lile ndilo televisheni yangu.

Siku mbili kabla ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Roko. Canio alikuwa mmoja wa wabebaji wa sanamu, kama kila mwaka. Walipofika kwenye ngazi za kisima, aligeuza kichwa kumwambia mwenzake wa nyuma kwamba anatembea vibaya. Hapo hapo akateleza. Mtakatifu aliinama kidogo tu, hakuanguka. Aliyeanguka ni Canio.

Kabla sijamjibu Ripalta, mlango wa duka ulifunguliwa. Alitoka Donatina, binti pekee wa Canio, amevaa koti jeupe la kazi.

"Karibuni," aliwaambia wale wanaume. "Wembe haukuvunjika."

Walitazamana. Mmoja wao, mzee Rocchino, mwenye masharubu marefu, alikuna shingo.

"Baba yako yuko hospitali. Nani atatunyoa?"

"Mimi, mzee Rocchino. Ni nani alikunyoa Pasaka?"

"Wewe. Lakini baba yako alikuwa pembeni akipiga kelele."

"Basi leo utanyolewa kwa amani."

Wakacheka, wakaingia.

Donatina alikuwa na miaka ishirini na saba. Miaka sita alikuwa amefanya kazi pale na baba yake, kila siku isipokuwa Jumapili na Jumatatu. Vijana walikuwa wakimsubiri yeye, si baba yake. Canio alijua, akajifanya hajui.

Siku mbili kazi ilikwenda vizuri. Siku ya tatu niliteremka kumpelekea Donatina kahawa. Nikamkuta Sabino, polisi wa halmashauri, amesimama mlangoni na faili kwapani.

"Keti, Sabino," alisema Donatina. "Wewe ni wa tatu."

"Sikuja kunyolewa. Wiki hii tunakagua maduka yote. Baba yako yuko wapi?"

"Kwani hujui? Si ulimshika miguu wewe mwenyewe tulipomwinua pale ngazini?"

"Najua, lakini kazi yangu ni kuuliza. Cheti cha ukinyozi ni cha baba yako. Yeye ndiye msimamizi wa kazi hapa. Duka likiwa wazi, lazima awepo. Asipokuwepo, awepo mwingine mwenye cheti. Wewe unacho?"

Donatina akainua mkasi. "Hiki hapa."

"Hicho hakina mhuri, dada yangu."

Rocchino alikuwa kitini. Shavu moja lilikuwa safi, jingine lilikuwa na povu.

"Sabino, mwanangu," aliuliza, "sheria inasemaje kuhusu mtu aliyenyolewa nusu?"

"Inasema akamalizie kwake."

Rocchino akaenda kwake na taulo shingoni. Mkewe alipomwona akamuuliza amepigana na nani.

Donatina akageuza kibao cha mlangoni, upande wa kufunga. Hakulia mbele ya Sabino. Alilia baadaye, jikoni kwangu, mbele ya sahani ya tambi na pilipili kavu za kukaanga.

"Shangazi, baba ana miaka sitini na sita. Siku akiacha kazi, duka linakufa. Mimi sijui kazi nyingine na sitaki kazi nyingine. Miaka sita nimesimama pale! Wanataka nini tena?"

"Sijui, binti yangu. Mimi niliishia darasa la tano. Tumwite anayejua."

Nikamwita Ornella. Anakaa ghorofa ya tatu, na anafanya kazi katika ofisi ya chama cha mafundi, kule mjini. Alikuja na viatu vya nyumbani, akavuta kiti, akachukua pilipili moja sahanini kwa Donatina.

"Sabino hakukuonea," alisema. "Kinyozi anashika wembe shingoni mwa mtu. Anashika dawa za nywele zinazoweza kuunguza. Ndiyo maana lazima asome na afanye mtihani. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni shule. Unasoma miaka miwili, kisha mwaka mmoja wa mazoezi, kisha mtihani."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya kazi. Unafanya kazi dukani miaka mitatu chini ya mwenye cheti. Unasoma pia kozi ya darasani. Kisha mtihani ule ule."

Donatina akafuta macho. "Miaka mitatu? Mimi ninayo sita! Nipeleke kwenye mtihani kesho."

Ornella akaacha kutafuna. "Sita hiyo imeandikwa wapi?"

"Imeandikwa wapi vipi?"

"Baba yako alikuandikisha? Kama mfanyakazi, au kama mtu wa familia anayefanya kazi dukani? Ofisi zina jina lako?"

Donatina alinitazama. Mimi nikatazama tambi.

"Basi kwa serikali," alisema Ornella polepole, "hujafanya kazi hata siku moja."

Jumapili baada ya misa tulikwenda hospitali, sisi watatu. Canio alikuwa kitandani, anamwelekeza mgonjwa wa jirani namna ya kuchana nywele. Ornella alimweleza yote. Canio akawa mwekundu.

"Nimwandikishe mwanangu? Kwani yeye ni kibarua? Mtoto wa nyumbani haandikwi, Ornella. Nilimwandikisha kanisani alipobatizwa. Yatosha!"

"Kanisani hawatoi cheti cha kunyoa, Fundi."

"Baba yangu hakuniandikisha mimi."

"Nyakati zake zilikuwa nyingine. Na ulipofanya mtihani wako, nani alikusaidia kujaza karatasi? Si ofisi yetu?"

Canio akatazama dari. Kumbe alikuwa amesahau.

"Ulifikiri unamheshimu kwa kutomwandikisha," Ornella aliendelea. "Umemnyima miaka sita. Na bima yake je? Angejikata mkono kazini, nani angemlipia?"

Canio alimgeukia bintiye. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Donatina, hukuniambia unataka duka."

"Baba, miaka sita nafagia nywele za mji mzima. Ulifikiri nazipenda nywele?"

Mgonjwa wa jirani alicheka mpaka muuguzi akaja.

Wakapatana. Canio atamwandikisha bintiye kama mtu wa familia anayefanya kazi dukani. Donatina ataanza kuhesabu miaka mitatu upya. Kozi ataisoma Jumatatu, siku vinyozi wote wanapofunga. Na Canio, mguu ukipona, atakuwepo dukani kila saa ambayo duka liko wazi.

"Miaka mitatu niketi pale kama sanamu?"

"Sanamu ingekuwa wewe, baba, isingenyamaza," alisema Donatina.

Duka lilifungwa miezi miwili. Wanaume wetu walikwenda kunyolewa kijiji cha jirani, wakarudi wamekatwa kama kondoo. Mpaka padre aliomba Canio apone haraka, na sidhani aliomba kwa ajili ya nyonga tu.

Canio alirudi Oktoba na magongo mawili. Wakamwekea kiti karibu na dirisha. Mimi juu nilisikia kila neno.

"Vuta ngozi! Vuta! Unanyoa mtu, hufuti meza!"

"Navuta, baba."

"Huvuti. Unaibembeleza."

Shida yake kubwa ilikuwa kahawa. Mkahawa uko ng'ambo ya uwanja, hatua arobaini, na rafiki zake wa karata wanakaa pale tangu asubuhi. Lakini Canio akitoka, lazima Donatina aweke wembe chini. Ripalta ndiye alikuwa akimpelekea kahawa. Wenzake walimpungia mkono kupitia kioo, kama watu wanaomsalimia mfungwa.

Jumatatu moja Donatina alirudi kutoka kozi, akaingia dukani, ambako baba yake aliketi hata siku za kufunga, akafungua droo. Akatoa jiwe la shabu. Vinyozi wanajua kazi yake. Mtu akikatwa kidogo, unalilowesha, unalipaka pale, damu inasimama. Canio alikuwa nalo jiwe moja, la kila mtu, miaka na miaka.

"Unalipeleka wapi jiwe langu?"

"Jalalani."

"Umerukwa na akili? Jiwe hilo limeponya mji mzima!"

"Baba, nijibu. Nani ana vipele shingoni siku hizi?"

"Rocchino. Analaumu divai ya mkwewe."

"Na nani mwingine?"

"Pasquino. Na Egidio. Na yule..." Canio akasita.

"Wanne, baba. Wote wanacheza karata meza moja. Wote wananyolewa Jumamosi, mmoja baada ya mwingine. Jiwe linagusa damu ya huyu, kisha linagusa kidonda cha yule. Wembe tunabadilisha, sawa. Lakini brashi ile ile, taulo lile lile, jiwe lile lile. Mwalimu alisema damu ndogo usiyoiona inaweza kubeba ugonjwa mkubwa, hata wa ini. Vipele ni bahati yetu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na rozari yangu, nikienda kanisani. Nilisubiri Canio apige kelele. Hakupiga. Alisukuma pipa la taka kwa gongo mpaka miguuni pa bintiye.

Jumamosi Rocchino alipokaa kitini, Canio aliinua gongo.

"Kuanzia leo," alitangaza, "kila mtu taulo lake, safi. Wembe mpya, unaufungua mbele ya mteja. Shabu ni ya unga, kwenye pamba, unatumia mara moja unatupa. Brashi zinalowekwa kwenye dawa. Na mwenye vipele aende kwa daktari kwanza, ndipo aje kwangu. Nimeamua mimi."

Donatina aliinama kuficha kicheko. Rocchino alikwenda kwa daktari, na wenzake pia. Baada ya wiki chache shingo zao zilikuwa safi, na mkwe wa Rocchino akaombwa radhi kuhusu divai.

Lakini Rocchino hakukoma. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye Rocchino akataka masharubu yake yapakwe rangi nyeusi.

"Kesho kutwa," alisema Donatina. "Leo nakuwekea tone moja la rangi nyuma ya sikio. Uje baada ya siku mbili nione ngozi yako."

"Siku mbili kwa ajili ya masharubu? Baba yako angepaka sasa hivi."

"Ndiyo, ningepaka," alisema Canio.

Baada ya siku mbili Rocchino alirudi na sikio limevimba, jekundu kama pilipili zangu.

"Sasa fikiria ungekuwa mdomo," Donatina alimwambia.

Rocchino alikwenda arusini na masharubu yake meupe. Alimbusu bibi arusi bila kumtisha mtu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Donatina akaenda mjini kufanya mtihani. Maswali ya kuandika kwanza, kisha kazi ya mikono mbele ya watahini. Mtu wa kunyolewa alikuwa Rocchino. Aliketi bila kutikisika, hata mtahini mmoja akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa, mama," alijibu. "Mara ya mwisho duka lilipokaguliwa nilirudi nyumbani na nusu uso."

Donatina alifaulu. Ornella akamsaidia kupeleka karatasi halmashauri, na jina lake likaandikwa kuwa msimamizi wa kazi. Cheti kikatundikwa juu ya kioo, penye mwanga, kila mteja akione.

Jumanne iliyofuata Sabino alipita na faili lake. Nilikuwa pale, nimepeleka kitambaa nilichokishona cha kuwekea mikasi.

"Msimamizi wa kazi ni nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi," alisema Donatina. Alikuwa anamnyoa kijana mmoja, na mkono wake haukusimama.

Sabino akasoma cheti, akaandika, akagusa kofia. "Hongera, Fundi."

Canio na Donatina wote wawili waligeuka. Sabino alikuwa anamtazama Donatina.

Sabino akaondoka. Canio alikuwa bado kwenye kiti chake cha dirishani. Aliwatazama rafiki zake ng'ambo ya uwanja. Kisha akamtazama bintiye kwenye kioo. Donatina alikuwa amefika chini ya kidevu cha yule kijana, pale pagumu. Alivuta ngozi kwa vidole viwili, akashusha wembe taratibu. Nilimwona Canio amefungua mdomo. Nikajua neno litakalotoka: "Vuta!"

"Donatina," alisema. "Nikitoka sasa hivi, duka halifungwi?"

"Halifungwi, baba."

Canio akafunga mdomo. Akasimama, akachukua kofia yake, akaangalia vidole vya bintiye mara moja tena, kisha akafungua mlango na kuvuka uwanja kwenda kunywa kahawa yake.