Shuka la Pili

Gari la hospitali lilirudi nyuma mpaka mlangoni kwangu. Aliyeshuka kiti cha mbele alikuwa mke wangu.

Miezi saba hakukanyaga hapo. Aliondoka wiki ya pili baada ya mimi kufungua nyumba ya mazishi katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu. Kila Jumapili nilimwandikia ujumbe: "Rudi nyumbani." Hakujibu hata mmoja.

"Ni mama," alisema.

"Mama mkwe?"

"Kwani nina mama wangapi?"

"Pole sana, mke wangu."

"Usiniite hivyo. Nimekuja kama mteja."

"Basi mteja hapa hupewa kiti na maji kwanza. Kaa."

Alikunywa. Mimi na dereva tulimlaza mama juu ya meza ya kuoshea, amefunikwa vilevile. Kisha nikatoka.

"Unakwenda wapi?"

"Yule ni mkwe wangu. Siwezi kumwosha. Na mwanamke wa kazi hii sina. Familia ngapi zimegeuza magari hapo nje kwa sababu hiyo!"

"Sasa nani atamwosha?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi ninayekimbia kuku akichinjwa?"

"Nitakuelekeza. Nitakaa hapa nje, nimeupa mlango mgongo."

Aliingia. Nilisikia ndoo ikiburuzwa sakafuni.

"Maji yawe vuguvugu," nilisema.

"Kwani atasikia baridi?"

"Wewe utasikia. Mikono ikifa ganzi haina upole."

Nilisikia maji yakimiminwa.

"Kabla ya kumgusa, mwambie unachotaka kufanya. Na hapa hatusemi maiti. Tunamwita alivyoitwa nyumbani."

Halafu sauti yake, ndogo, kama ya mtoto anayeomba ruhusa:

"Mama... nakuinua mkono."

Akalia. Nilimwacha alie. Kazi hii haina haraka, anayengojewa ameshafika.

Baadaye akasema, maji yakichuruzika, "Alikuwa akikuita Bwana Sanduku."

"Najua. Hata mbele yangu."

"Alisema mwanamume anayeombea watu kifo asilale kitanda kimoja na mimi mwanawe."

"Sijamwombea mtu kifo. Naomba tu wakifa wasitupwe."

Nilisikia taulo, kisha kitana.

"Nimemaliza kumvalisha."

"Mashuka meupe yako kabatini."

"Sihitaji. Ninalo kwenye mkoba."

Nilijua ni lipi. Siku ya harusi mama yake alitupatia mashuka mawili, amedarizi pindo zake kwa uzi wa bluu, kwa mkono wake. Moja nililichukua kabatini bila kumwuliza mke wangu, nikalizika. Hilo ndilo lililomwondoa.

"Lile lingine lilikwenda na nani?" aliuliza. "Siku ile sikukuuliza. Nilipiga kelele tu."

"Bibi mmoja aliyekutwa amefariki kituo cha mabasi. Aliletwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ndiye wangu wa kwanza. Ndani ya nyumba sikuwa na kitu cheupe ila hilo."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza. Kosa ni langu, na sina pa kulificha."

"Alikuwa nani?"

"Hakuna aliyejua jina lake."

"Sasa ulipomwosha, ulimwitaje?"

"Sikumwosha. Nilimpangusa uso tu, nikamfunika, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na mimi ni mwanamume. Nilimwita mama."

Mlango ukafunguka. Mikono ya gauni lake ilikuwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, macho mekundu.

"Njoo umuage mkwe wako."

Mama alikuwa amechanwa nywele vizuri, uzi wa bluu chini ya kidevu. Niliinamisha kichwa.

"Mama," nilisema, "Bwana Sanduku ndiye huyu. Nisamehe kwa lile shuka."

Mke wangu alisogea karibu yangu. Alinishika kiganja, akakibana, akakiachia.

Tulizika siku iliyofuata. Alirudi kwao pamoja na kaka zake, nami sikumwuliza neno. Jumapili ikafika, kwa mara ya kwanza sikuandika ujumbe. Niliona si haki kumsumbua aliyefiwa.

Simu ikalia, ujumbe wake ukaingia:

"Mbona leo hujaniambia nirudi? Nunua jora la kitambaa cheupe na uzi wa bluu. Mashuka mawili ya kwanza ni ya kitanda chetu, yanayobaki ni ya wasio na watu. Na kwenye kibao cha mlangoni ongeza: WANAWAKE HUOSHWA NA MWANAMKE. Kesho asubuhi nipo."