Salfa ya Mikorosho Ndani ya Tangi la Samaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winfrida alikuwa na kazi ya kufagia uwanja, kuchota maji na kuwalisha samaki. Kufagia na kuchota maji alikufanya huku akiburuza miguu. Kuwalisha samaki alikukimbilia, maana hapakuwa na nyumba nyingine katika mtaa wao pale Masasi yenye samaki wanaoogelea sebuleni.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mwenye mtaji akaruhusiwa kununua na kuuza. Baba yake, mzee Nehemia, alifungua duka la pembejeo karibu na soko. Aliuza majembe, mbegu na salfa, ule unga wa njano ambao wakulima huipulizia mikorosho inapotoa maua ili isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Safari moja alifuata mzigo Dar es Salaam, akarudi na kioja: mfuko wa nailoni wenye maji na samaki wadogo wenye mikia ya rangi, ameupakata njia nzima. Fundi wa vioo akamtengenezea tangi. Majirani walikuja kutazama, na wengine wakauliza samaki hao wataliwa lini.

Kati yao alikuwamo jike mmoja wa kijivu, tumbo limemtuna. Baba alisema huyo hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Jambo kubwa kama hilo Winfrida angelikaliaje kimya? Alilimwaga darasani. Darasa la sita zima likamcheka, na Rajabu, mtoto aliyependa ubishi kuliko chakula, akasema kama samaki anazaa basi na kuku ananyonyesha. Aliyekata ubishi ni Mwalimu Lucian wa sayansi. Alisema Ijumaa atalipeleka darasa lote nyumbani kwa kina Winfrida, wakamwone jike huyo kwa macho yao.

Alhamisi Winfrida alirudi nyumbani akirukaruka. Kesho Rajabu atanyamaza! Aliingia sebuleni moja kwa moja, akafunua kitambaa kilicholifunika tangi, na furaha yote ikamwishia hapo.

Kitambaa hicho alikiweka mwenyewe. Baba alimwagiza afute vioo vya tangi kila Jumamosi, lakini Jumamosi ilikuwa siku ya kucheza rede. Kila alipoulizwa alijibu, "Tayari, baba." Tena kila rafiki aliyekuja kutazama aliruhusiwa kuwatupia samaki tonge la ugali. Taratibu utando wa kahawia ukaanza kutambaa kwenye vioo na mawe. Baba aliposafiri kwenda Newala kuwapelekea wateja salfa, Winfrida akalifunika tangi na kumwambia mama yake eti anazuia vumbi. Sasa vioo vilikuwa na rangi ya sufuria iliyokaukiwa chai. Samaki hawakuonekana kabisa.

Gervas, mtoto wa mjomba wake, alikuja kuchungulia. Alitoka kijiji cha Chiungutwa na alikaa kwa kina Winfrida ili asome. Alikuwa amekulia chini ya mikorosho, na kila alipoulizwa swali alikunja uso kama daktari.

"Huu ni ubwiriunga," alisema. "Maua ya mikorosho yakishikwa hugeuka kahawia hivi hivi."

Winfrida aliuliza kama haiwezekani kufuta tu. Gervas akatikisa kichwa.

"Ukifuta utarudi. Ugonjwa haufutwi, unapigwa salfa."

Winfrida alisita. Mama alikuwa dukani, si mbali, na angeweza kumkimbilia akamuulize. Lakini kumuuliza mama ni kulifunua tangi, na zile "tayari, baba" zote zingefunuka pamoja nalo. Salfa ilikuwa stoo. Akachota kidogo kwa kikombe na kuinyunyiza juu ya maji.

Unga ulielea, ukatanda juu kote. Samaki wakapanda, wakaanza kuhema kwa midomo wazi. Watoto wakashikwa na hofu, wakauengua ule unga kwa kijiko mbio mbio, lakini mwingine ulikwisha zama mpaka chini kwenye mawe. Dume mmoja alilala ubavu. Ndipo gari aina ya pikapu likasimama nje. Baba amerudi kutoka Newala, na njiani alimpitia mama dukani.

Baba aliingia ametapakaa vumbi la salfa toka kofia hadi viatu, akinuka salfa tupu. Hata harufu ya salfa iliyokuwa tangini asingeweza kuitambua. Aliwatazama samaki, akasema maji yamekosa hewa na inabidi yakorogwe. Akaanza kukunja mkono wa shati.

Gervas alitazama vidole vyake vya miguu. Winfrida alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Samaki wakifa, baba atadhani amewaua mwenyewe kwa mikono yake yenye dawa. Mkono ulikuwa umekaribia maji.

"Baba, usikoroge," alisema. "Nimetia salfa. Iko chini."

Hapakuwa na muda wa kugombezana. Baba alisema samaki wahamishwe sasa hivi, ila maji ya bomba hayafai, yana dawa ya kuyasafisha. Mama hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliunyanyua mtungi wake wa maji ya kunywa, yaliyokwisha lala siku nzima hata dawa ikapungua, akaumimina wote kwenye beseni jeupe. Winfrida alinyakua chujio la chai na kuwavua samaki mmoja mmoja. Wote walifika kwenye beseni, lakini yule dume hakuogelea tena. Winfrida alilia waziwazi.

Walipotulia, alieleza kila kitu, pamoja na zile Jumamosi. Baba hakushika fimbo. Alimweleza maneno ya aliyemuuzia samaki: tangi jipya likiwa na mwanga haba na chakula kingi huota utando kama ule. Ni mimea midogo sana, si ugonjwa. Unaufuta kwa kitambaa safi kisicho na sabuni, unabadilisha maji kidogo, unapunguza chakula, na baada ya muda unakoma wenyewe. Kisha akasema darasa likija kesho, Winfrida mwenyewe atawaeleza kwa nini tangi ni tupu. Winfrida aliona heri fimbo.

Ijumaa darasa lilijaa sebule mpaka kibarazani. Rajabu aliliona tangi tupu, akaangua kicheko. Winfrida alisimama akasema yote, bila kuruka neno. Gervas naye akajitokeza na kusema dawa ile ilikuwa ushauri wake. Rajabu alikuwa amekwisha inama juu ya beseni.

"Kuna kitu kimetoka," alisema.

Weee! Walisukumana, wakakanyagana, Mwalimu Lucian akasahau kuwatuliza kwa kuwa naye alikuwa ameinama. Chini ya lile jike kilikuwa kimechomoka kisamaki chembamba kama sindano, kikajinyoosha na kukimbia. Mara kingine. Mara kingine tena. Baba alitia majani ya maji upesi ili visamaki wapate pa kujificha, kwa sababu samaki wakubwa huwala. Rajabu alimwuliza Winfrida kwa heshima kama wakikua anaweza kupewa mmoja.

Mwalimu alimwomba mzee Nehemia aseme neno. Aliweka mkono begani kwa binti yake.

"Utando ule ulihitaji kitambaa tu," alisema. "Winfrida aliogopa kuniambia hakufuta, na hofu hiyo ndiyo iliyoua samaki mmoja. Lakini jana alisema kweli kabla sijakoroga maji, na ndiyo maana leo mnawaona hawa. Mkiharibu kitu, wanangu, semeni mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."